Vitafunwa bila maziwa, mayai wala samli: mwongozo kamili wa mlaji wa mimea Dodoma

Mtu asiyekula kitu chochote cha mnyama akiingia bekari Dodoma, mara nyingi huambiwa, "Hapa utapata chai ya rangi tu." Jibu hilo linamnyima haki yake bure. Vitafunwa vingi vya Waswahili havihitaji maziwa wala yai. Kitumbua ni mchele, tui la nazi, hamira, sukari na iliki. Bagia ni kunde au dengu. Kachori ni kiazi kilichovikwa unga wa dengu. Mahamri ya pwani hukandwa kwa tui.

Tatizo la huku bara ni kwamba mwokaji hukandia kilicho karibu naye. Nazi inasafirishwa kutoka pwani, zaidi ya kilomita 400 kutoka Dar es Salaam, na ikifika Soko la Majengo bei yake imeshachangamka. Maziwa yapo, kwa sababu Ugogo ni nchi ya ng'ombe, na maziwa ya unga yapo kila duka. Basi tui likatoka, maziwa yakaingia, na juu yake yai na siagi. Kwa hiyo kazi yako ina sehemu tatu: kujua kitu gani kimeongezwa, kuomba kiachwe, na kumtajia mwokaji mbadala unaopatikana hapahapa. Dodoma na Singida zimejaa mbadala: karanga, alizeti, ufuta, uwele, mtama na zabibu.

Ukibahatika kukuta bekari inayojitangaza kuwa ni ya mimea tupu, mwongozo huu bado utakufaa, maana kibao cha mlangoni hakikuambii kama skonzi imepakwa asali.

Hatua ya 1: Jua kipi tayari ni chako

Anza na vitumbua. Kwa maoni yangu hakuna kitafunwa kinachomfaa mlaji wa mimea kuliko hiki, na asubuhi ndio muda wake, mama akiwa bado amekaa mbele ya chuma cha vitumbua, anatia tone la mafuta kwenye kila shimo, anamimina uji wa mchele, kisha anageuza kwa kijiti. Unaona kila kinachoingia. Cha kuuliza ni kimoja tu: kama ametia yai kwenye uji ule, kwa sababu wapo wanaotia ili kitumbua kiwe laini.

Katika kundi hilohilo weka bagia, kachori, kashata za karanga, kashata za nazi zisizo na maziwa, mihogo ya kukaanga na ubuyu wa rangi. Kwa hivi wasiwasi wako uwe kwenye mafuta. Karai lililokaangia samaki au sambusa za nyama asubuhi linaweza kukaangia bagia zako saa nne. Ukiona karai moja na bidhaa zote ziko pamoja kwenye kabati la kioo, uliza kabla ya kulipa.

Kundi la pili ni vitu vilivyo jirani na mimea tupu. Maandazi ya mtaani mara nyingi ni unga, maji, sukari, hamira na mafuta, ila kila mpishi ana mkono wake, na wengine huweka yai au maziwa. Chapati za kusukuma huwa ni unga, maji, chumvi na mafuta, lakini kwenye hoteli kubwa zinaweza kupakwa samli au siagi. Chapati za maji zina hatari zaidi, kwa sababu watu wengi huzipiga na mayai. Kalimati wakati mwingine hukandwa na mtindi. Visheti vizuri huwekwa samli ili vikatike mdomoni. Mkate wa kumimina ni mchele na tui, lakini wapishi wengi huongeza ute wa yai ili uumuke na kuwa na vitundu. Vyote hivi vinaweza kupikwa bila kitu cha mnyama, tena bila kuharibika, mradi umewahi kabla havijachanganywa.

Kundi la tatu ni half keki, keki, biskuti za siagi, katlesi zinazochovywa kwenye yai, na halua iliyopikwa kwa samli. Hivi usivitafute kwenye kabati. Viagize.

Hatua ya 2: Uliza "mnakandia nini?"

Usiulize, "Zina maziwa?" Muuzaji atasema hazina, na atakuwa mkweli, kwa sababu hakuna aliyemimina maziwa. Kumbe kuna maziwa ya unga, au yai, au vyote viwili. Uliza swali linalomlazimu akueleze kazi yenyewe. Mazungumzo huenda hivi:

"Shikamoo mama. Hizi skonzi mmekandia nini?"

"Marahaba. Maji tu, mwanangu."

"Mafuta mmetia gani?"

"Siagi ya kopo."

"Na juu mmepaka nini hadi zinang'aa hivi?"

"Tumepaka yai kidogo tu."

Maswali matatu yametoa kila kitu. Yai liko juu, siagi inahitaji kuangaliwa kopo lake, na unga wenyewe hauna neno. Hapo unasema, "Kesho mnitolee sita kabla hamjapaka yai, nitazipitia saa moja." Mwokaji hapotezi chochote akikubali.

Kuhusu siagi, omba kuona kopo. Watu wengi huita siagi kitu chochote cha kupaka mkate, na kopo hilo aghalabu ni majarini ya mafuta ya mimea. Hata hivyo baadhi ya majarini huongezwa maziwa ya unga au maji ya maziwa yaliyokaushwa, kwa hiyo soma.

Jambo la pili: hakikisha unamuuliza anayekanda. Kijana wa kaunta kwenye bekari kubwa amekabidhiwa trei asubuhi, hajui kilichotokea usiku. Mwambie kwa heshima, "Kaka, naomba unisaidie kumuuliza fundi wa unga." Kwa wapishi wa mtaani hakuna shida hiyo, anayeuza ndiye aliyekanda, na ndiyo maana nawaamini zaidi kuliko kabati la kioo la supamaketi.

Usijieleze kwa neno moja ukadhani umeeleweka. Ukisema wewe ni mla mboga, wengi watasikia kwamba huli nyama, kisha watakuletea keki yenye mayai kwa moyo mweupe kabisa. Taja vitu vyenyewe: maziwa, mtindi, siagi ya ng'ombe, samli, mayai, asali. Ukiwa na mzio wa mayai au maziwa, sema kwamba vinakuumiza, na uulize pia kuhusu trei, brashi na karai linalotumika. Kwa mwenye mzio, skonzi isiyopakwa yai iliyookwa trei moja na zilizopakwa bado ni hatari. Huyo aagize mkando wake peke yake au apike nyumbani.

Hatua ya 3: Soma mfuko, usisome picha

Mkate wa kufungashwa unapaswa kuandikwa viambato, na huandikwa kuanzia kilicho kingi kwa uzito hadi kilicho kidogo. Tangu mwaka 2019 usimamizi wa usalama wa chakula uko chini ya TBS, yaani Shirika la Viwango Tanzania, baada ya TFDA, iliyokuwa mamlaka ya chakula na dawa, kubadilishwa kuwa TMDA na kubakia na dawa na vifaa tiba. Alama ya TBS inakuhakikishia ubora. Haikuambii kama mkate una maziwa.

Lebo nyingi ni za Kiingereza, hivyo kariri maneno ya kutafuta: "milk", "whey" (maji ya maziwa), "casein" (protini ya maziwa), "butter", "ghee", "egg", "honey" na "gelatine" (hutoka kwenye ngozi na mifupa ya mnyama). Namba za viongezwa, zinazoanza na herufi E, nazo zina habari. E471, kiongezwa cha kuunganisha mafuta na maji, inaweza kutengenezwa kwa mafuta ya mimea au ya mnyama. E322 ni lesithini, na mara nyingi ni ya soya, ila inaweza kutoka kwenye kiini cha yai. E920 ni kilainisha unga ambacho kinaweza kutolewa kwenye manyoya ya ndege. Mimi nikikuta E920 bila maelezo naurudisha mkate rafuni. E471 kila mtu aamue mwenyewe.

Alama ya halali nayo isikuchanganye. Inakuhakikishia hakuna mafuta ya nguruwe wala pombe, lakini maziwa, mayai na samli ni halali. Vilevile keki "isiyo na mayai" inayookwa kwa ajili ya wateja wa Kihindu karibu siku zote ina maziwa au siagi ya ng'ombe. Ni mwanzo mzuri lakini: mwokaji anayejua kuumua keki bila yai amebakiwa na hatua moja tu kufika ulipo wewe, na huyo ndiye wa kuzungumza naye kuhusu oda.

Hatua ya 4: Weka oda kwa wakati unaomfaa mwokaji

Bekari nyingi hukanda usiku ili mkate uwe madukani alfajiri. Ukienda saa mbili asubuhi kuomba mabadiliko, umechelewa, na fundi amelala. Nenda alasiri, kazi ikiwa imepoa, ukaongee na mwenye bekari.

Agiza kiasi kinachomlipa. Hakuna atakayechafua mashine kwa skonzi nne. Lakini mpishi mdogo anayekanda kwa mkono anaweza kukubali mkando wa kilo mbili za unga, na huo unatoa skonzi zipatazo hamsini. Tafuta wenzako wa kugawana nao. Katika mji wenye wanafunzi wengi wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) na watumishi wa serikali kutoka kila mkoa, hukosi wanaokula hivi: wapo Wasabato wasiokula nyama na baadhi yao wameacha pia maziwa na mayai, wapo wenye mzio, wapo waliokatazwa na daktari. Kanisani, chuoni, ofisini, uliza tu.

Lipa nusu mapema, na toa maelekezo kwa maandishi. Ujumbe wa simu wenye vipimo unatosha, maana fundi wa usiku atausoma bila wewe kuwapo. Ramadhani nayo ni msimu wa kutumia vizuri. Wapishi wa futari hutafuta nazi hata kwa bei ya juu, hivyo mkate wa kumimina na vitumbua vya tui halisi huonekana zaidi jioni. Mwambie mpishi mapema aache ute wa yai kwenye sinia lako.

Hatua ya 5: Mpe mwokaji mbadala, usimpe makatazo matupu

Hapa ndipo Dodoma inapong'aa. Badala ya maziwa au tui la nazi, tumia tui la karanga. Linatoa skonzi na maandazi laini, yenye mafuta yake na rangi nzuri ya hudhurungi, na halisafirishwi kutoka pwani.

Loweka gramu 150 za karanga mbichi usiku kucha, menya maganda, saga kwenye blenda na nusu lita ya maji, kisha chuja kwa kitambaa. Chemsha tui hilo taratibu kwa dakika kumi huku unakoroga, kwa kuwa hushika chini haraka. Kuchemsha kunaondoa harufu ya karanga mbichi, ambayo ndiyo inayowafanya watu waseme hawalipendi. Machicha usitupe, yatie kwenye mlenda.

Kabla ya yote hayo, chagua karanga moja moja. Silisemi hili kwa kupamba maelezo. Mwaka 2016 watu walikufa katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa sumu kuvu, na chanzo kilihusishwa na mahindi yaliyoota ukungu. Karanga hushambuliwa na ukungu huohuo, na kuchemsha au kukaanga hakuiondoi sumu hiyo. Nunua karanga nzima, za msimu, zilizokauka vizuri. Toa zote zilizosinyaa, zilizobadilika rangi, zilizovunjika na zenye ukungu. Karanga za kusagwa zinazouzwa tayari kwenye mfuko usizitumie kama hujui zilichaguliwaje.

Badala ya siagi na samli, mafuta ya alizeti. Yapo kila kona ya Kanda ya Kati. Yaliyokamuliwa mtaani na kuchujwa tu yana harufu nzito inayofaa mkate na chapati, ila kwa keki chukua yaliyosafishwa. Kwa visheti na biskuti, mafuta ya maji hayatoi mkatiko uleule. Hapo tumia mafuta ya mimea ya mgando.

Badala ya yai, kwanza uliza yai lilikuwa na kazi gani. Kama lilikuwa la kung'arisha, paka tui zito la karanga lenye sukari kidogo kabla ya kuoka, kisha shira nyepesi mara skonzi zinapotoka jikoni. Kama lilikuwa la kushikanisha, ndizi mbivu moja iliyopondwa inatosha kwa yai moja kwenye keki. Kama lilikuwa la kuumua, siki na magadi soda hufanya kazi hiyo. Kwa katlesi, koroga unga wa dengu na maji uwe mzito kama uji, chovya, kaanga.

Maji yaliyochemshia dengu yana siri yake. Yakiwa mazito na ukiyapiga kwa mashine huumuka kuwa povu jeupe kama la ute wa yai. Mfaransa Joël Roessel alilionyesha hilo mwaka 2014, na mwaka uliofuata Mmarekani Goose Wohlt alitengeneza vitamu vya povu kwa maji hayo na sukari pekee. Kwa mkate wa kumimina, jaribu kijiko kikubwa kimoja au viwili vya povu hilo mahali pa ute, ulichanganye taratibu mwishoni.

Asali inahitaji umakini wa pekee Kanda ya Kati, kwa kuwa Manyoni na Singida zinajulikana kwa asali na mwokaji huiweka kwa fahari. Mwombe atumie shira ya zabibu. Zabibu za Dodoma zikiwa za msimu huwa rahisi: kamua maji yake, chuja, chemsha kwa moto mdogo hadi yashike kijiko. Utamu wake una uchachu kidogo, na mimi kwenye mkate naupenda kuliko asali.

Hatua ya 6: Vipimo vya kumwachia fundi

Skonzi za tui la karanga, kumi na mbili: unga wa ngano gramu 500, tui la karanga vuguvugu mililita 300, sukari gramu 60, hamira kavu vijiko vidogo viwili, chumvi kijiko kidogo kimoja na nusu, mafuta ya alizeti vijiko vikubwa vitatu, na iliki iliyotwangwa. Ukipata zabibu kavu, ongeza konzi moja. Kanda dakika kumi hadi unga usinate mkononi. Acha uumuke mpaka uwe maradufu, kama saa moja wakati wa joto. Mwezi Juni na Julai, baridi ya Dodoma inapokaza, upe muda zaidi. Viringa, panga kwenye trei iliyopakwa mafuta, acha nusu saa tena, paka tui zito, oka nyuzi 180 kwa takriban dakika ishirini. Kwa jiko la mkaa, weka moto mwingi juu ya sufuria na kidogo chini.

Keki ya uwele na ndizi: unga wa ngano kikombe kimoja na nusu, unga wa uwele nusu kikombe, sukari robo tatu ya kikombe, magadi soda kijiko kidogo kimoja, chumvi kidogo. Pembeni changanya maji kikombe kimoja, mafuta theluthi ya kikombe, siki kijiko kikubwa kimoja na ndizi mbivu moja iliyopondwa. Unganisha haraka na upeleke kwenye moto hapohapo, kwani gesi ya siki na magadi huanza kutoka papo kwa papo. Ikikaa mezani, keki itadidimia. Dakika 35 hadi 40 kwa nyuzi 180.

Uwele na mtama havina gluteni, ile protini ya ngano inayoufanya unga uvutike, kwa hiyo peke yake haviwezi kushika mkate uliochachuka kwa hamira. Kwa skonzi usizidishe robo ya unga wote. Mtama mweupe, kama ule wa mbegu ya Macia unaolimwa sana huku, hauonekani hata kwa rangi. Uwele una ladha nzito zaidi na mafuta mengi ndani ya punje, ndiyo maana unga wake huchacha upesi. Nunua punje, peleka mashine, saga kiasi cha wiki. Chukua unga kidogo kiganjani, sugua, nusa: ukisikia harufu ya uvundo au ukali kooni, usiuoke, keki nzima itakuwa chungu.

Hatua ya 7: Kuweka, na lishe

Hewa ya Dodoma ni kavu, na skonzi zisizo na yai wala siagi hukauka upesi. Zikipoa kabisa zifunge kwenye kitambaa safi ndani ya chombo chenye mfuniko. Za siku ya pili zinyunyizie maji kidogo na uzipashe kwenye kikaango kilichofunikwa. Vitumbua viliwe siku hiyohiyo. Mkate wa kumimina wa tui la nazi usiuache mezani hadi kesho wakati wa joto, utachacha.

Kama umeacha kabisa vyakula vya mnyama, ujue kwamba vitamini B12 haipatikani kwa kutegemewa kwenye mimea, hata ukila karanga, mlenda na dengu kila siku. Mwone mhudumu wa afya kuhusu vidonge, na wajawazito na wanaonyonyesha wasilichelewe hili.